Pacha wa Kadibodi, Kiti Namba 14

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza wiki na ahadi shingoni. Binti yangu ana igizo shuleni Ijumaa, saa tisa kamili alasiri. Yeye ni Mwezi. Ana maneno kumi na mawili: "Mimi ni Mwezi, nimeangaza vya kutosha, sasa Jua amka, zamu ni yako." Akishayasema anatua, Jua linachomoza, igizo linakwisha. Yaani bila yeye hakuchi.

Ana miaka tisa. Nyumbani tunamwita Karani, kwa sababu ana daftari la mahudhurio. Kila mtu wa nyumba hii ana ukurasa wake. Wa mama yake umejaa tiki mpaka pembeni. Wangu una mistari miwili. Igizo la kwanza: "Hakuja. Alinaswa ndani ya godoro." Kweli. Lilikuwa godoro la kukunja, nilikuwa nawaonyesha wateja linavyokunjika. Igizo la pili: "Alikwenda shule nyingine." Kweli pia. Nilikaa mpaka mwisho. Nikampigia makofi mtoto wa watu aliyekuwa twiga. Alikuwa twiga mzuri sana.

Leo asubuhi kaniwekea daftari kando ya kikombe cha chai. Kila mtoto amepewa kadi mbili za viti. Mama yake yuko kazini mpaka saa kumi, kwa hiyo namba 13 ni ya bibi. Namba 14 ni yangu, kwa masharti. Nikikosa mara hii ya tatu, kadi zangu zote, kuanzia sasa hadi amalize shule, ni za dereva wa basi la shule.

Nikauliza kwa nini dereva. Akasema dereva hajawahi kukosa. Husimama mlangoni na kupiga makofi kwa mikono miwili. Nikamwambia hakuna anayepiga makofi kwa mkono mmoja. Akasema wewe hujapiga hata kwa huo mmoja.

Sina kinyongo na dereva. Ni mtu mrefu, mpole, anayependwa na watoto bila sababu yoyote ya msingi.

Ofisini, kikao saa mbili na nusu. Mimi ni ofisa masoko wa kiwanda cha magodoro, mwaka wa kumi na moja sasa. Habari kubwa: mwenye hoteli ya vyumba mia mbili anataka kubadilisha magodoro yote. Tutazungumza naye kwa kompyuta, maana huwa hatoki hotelini kwake. Lini? Ijumaa. Saa ngapi? Tisa kamili alasiri.

Bosi wetu ana kanuni ya vikao. Imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ANAYEKAA KIMYA AMEKUBALI. Anasema imemwokolea miaka ya mabishano. Mimi nilikuwa bado nahesabu kwa vidole kama Ijumaa hii ndiyo ile Ijumaa. Nilipoinua kichwa, ilikwishaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mazungumzo nitayaongoza mimi.

Kitengo chetu hakina mkuu tangu Januari. Bosi kasema macho yake yote yatakuwa Ijumaa. Cheti akanitazama kwa huruma. Cheti ni mwenzangu wa meza ya dirishani. Pale wengine wanapoweka picha za watoto, yeye ameweka cheti chake cha masoko kwenye fremu. Kaninong'oneza kwamba kama nina dharura ya kifamilia, yeye yuko tayari kunishikia. Nikamjibu sina dharura. Nina familia tu.

Sehemu mbili, saa moja, mtu mmoja. Lazima kuna njia.


Jumanne, 10 Juni

Njia imejileta yenyewe, kwa mlango wa nyuma, imebebwa kwapani na mchapaji.

Ni picha yangu ya kadibodi, ukubwa wa mtu, ya kusimamishwa kwenye milango ya maduka. Hatukuwa na fungu la mwanamitindo, nikapigwa picha mimi. Nimevaa pajama ya mistari. Natabasamu. Mkono wa kulia uko juu kabisa, kama mtu aliyeamka salama anajinyoosha. Miguuni imeandikwa: AMKA KAMA MIMI. Huyu ni sampuli. Tukimpitisha, mchapaji atatengeneza wengine thelathini.

Nikamsimamisha ghalani, tukatazamana. Sikuwahi kujua kama nina sura ya kuaminika kiasi hiki. Nimemwita Pacha.

Mpango: Ijumaa saa tisa, Pacha yuko mbele ya kompyuta ghalani. Hotuba nimeirekodi mapema, inacheza chini ya meza. Mimi niko kiti namba 14. Mwenye hoteli ataona mtu hatikisiki, atadhani mtandao umeganda. Nani siku hizi hajawahi kuganda?

Sikupoteza muda, nikamjaribu leo leo. Jumanne kikao huwa cha kompyuta kwa ajili ya mawakala wa mikoani. Nikaaga kwamba nitahudhuria nikiwa ghalani. Nikamvisha Pacha tai, nikamsogeza kwenye kamera, mimi nikajilaza nyuma ya marobota ya sponji na chai yangu. Saa nzima. Hakuna aliyeshtuka. Wakala mmoja alisema mwenzetu anaonekana ameganda. Bosi akamjibu, mwacheni, leo angalau anasikiliza. Mwishoni akanisifu mbele ya wote. Katika miaka kumi na moja hajawahi kunisifu nikiwa ninaongea.

Hasara ndogo. Kwa kukaa kimya, Pacha amekubali mambo matatu: nitaosha friji la ofisi mpaka mwisho wa mwaka, nitakuwa mlinda mlango wa timu ya kiwanda, na nimejitolea kumfundisha Cheti kazi yangu yote. Pia aliulizwa kama mkono juu maana yake ana hoja. Akanyamaza. Wakaendelea.

Yanarekebishika. Muhimu ni kwamba mpango unafanya kazi.


Jumatano, 11 Juni

Nimemleta Pacha nyumbani nimtafutie koti. Pajama si vazi la kumwonyesha mwenye hoteli. Njiani watu wawili walimsalimia yeye, wakanipita mimi.

Nikamwegesha sebuleni, nikaingia chumbani kutafuta koti. Kumbe mama mkwe yuko kwenye kiti chake. Lazima niandike jambo moja kuhusu mama mkwe. Mke wangu ni mpima macho, wanamjia watu kutoka mbali. Mama yake mzazi haoni mlango mpaka augonge, na miwani hataki kuisikia. Anasema macho yake hayana shida, ni dunia ndiyo imefifia.

Nikasikia anazungumza. Nikachungulia. Anamsimulia Pacha. Amemweleza kwamba kiti chake kinakaa upande wa upepo, kwamba uji wa siku hizi una haraka, kwamba mimi humkatiza kila akianza neno. Pacha kimya, anatabasamu. Mama mkwe akatulia, akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kutumiwa: "Mwanangu, leo umeniheshimu." Kisha akaomba ruhusa mdogo wake aje kukaa nasi miezi miwili, na cherehani yake. Akangoja. Pacha akatabasamu. "Asante, baba. Mungu akuzidishie."

Nikabaki nyuma ya pazia na koti mkononi. Ningetoka ningesema nini?

Mke wangu alirudi saa kumi na mbili. Akasimama mlangoni, hakuvua hata mkoba. Akaniuliza huyu wa kadibodi ana mpango gani. Nikasema ni sampuli ya kazini. Akamzunguka, akamtazama kama anavyotazama jicho la mtu. Akasema sikio lake la kushoto limechapwa juu kuliko la kulia, na kwamba Ijumaa niende mimi. Nikamwambia nani kasema siendi. Akasema, "Hakuna aliyesema. Ndiyo maana nakwambia."

Baada ya chakula, mazoezi ya Karani. Tatizo ni sauti. Anayasema maneno yake kama mtu anayenunua dawa ya minyoo dukani, foleni ikiwa nyuma yake. Hapa taaluma yangu ikafaa nyumba. Nikamfundisha siri ya masoko: jambo lililosemwa mara moja halijasemwa. Mteja huwa hasikii. Unarudia mpaka asikie.

Tukapanga ishara. Mimi nikiwa kiti namba 14, nikiinua mkono wa kulia, maana yake sijakusikia, rudia, paza sauti. Nikiushusha, nimesikia, tua. Akaandika kwenye daftari, akanipa nitie sahihi. Tukajaribu mara sita. Mara ya sita jirani wa chini akagonga dari. Nikamwambia umeona? Huyo ni mteja.

Kabla ya kulala kaniuliza: "Na usipokuwepo, baba, nimtazame nani?"

Nikamwambia baba akisema yupo, yupo. Hilo nalo akaliandika.


Alhamisi, 12 Juni

Pigo, tena asubuhi kabla ya chai.

Mwenye hoteli kapiga simu. Amechoka na maneno ya watu wa masoko. Kila kiwanda kinamwambia godoro lake ni zuri, hajaona hata mmoja wao akililalia. Kesho hataki hotuba. Anataka ofisa mwenyewe avae pajama, alale mbele ya kamera, ageuke kushoto, ageuke kulia, na yeye atazame. Bosi kafurahi mno. Akasema si ndiyo wewe uliye kwenye picha?

Pacha hawezi kugeuka. Nilimjaribu ghalani. Akigeuka anakuwa mweupe mgongo mzima, na muhuri wa mchapaji.

Nikapendekeza alale Cheti. Cheti akasema ana mgongo. Na ana cheti cha daktari cha mgongo. Huyu mtu ana cheti cha kila kitu. Nikapendekeza tusogeze saa. Bosi akauliza kama kuna mwenye sababu ya maana. Hapo nilipaswa kusema: binti yangu ni Mwezi. Nikaufungua mdomo kabisa. Cheti akaanza kutabasamu. Nikaufunga.

Ikaandikwa kwamba nimekubali.

Nimetafakari mchana kutwa nikiosha friji. Kisha nikaona nilikuwa nimeushika mpango kichwa chini miguu juu. Mwenye kuhitajika akiwa hai ni mimi, ofisini. Wa kukaa kimya na kutazama mbele anahitajika shuleni. Na kukaa kimya na kutazama mbele hakuna anayemshinda Pacha.

Ukumbi wa shule una giza upande wa watazamaji. Jirani wa kiti namba 13 ni mama mkwe, ambaye hata jana hakugundua. Na ni kwa dakika chache tu! Nitamgeukia mwenye hoteli kushoto na kulia kwa dakika kumi na tano, nitakimbia, nitamtoa Pacha, nitakaa. Mwezi unaingia mwishoni kabisa, tisa na nusu. Nitakuwa nimefika. Mkono wake ulio juu ni faida, unampa sura ya mzazi mwenye ari.

Nimemkunja kiunoni na magotini kwa rula. Anakaa vizuri kuliko mimi.


Ijumaa, 13 Juni

Naandika jioni, jikoni. Sebule ina watu wasiotaka kuniona.

Saa nane na dakika ishirini nilikuwa ukumbini, hakuna mtu. Nikamkalisha Pacha namba 14. Koti langu la kijivu, kofia yangu, na viatu vyangu vyeusi chini, kwa sababu kadibodi haina vidole na mama mkwe hutambua watu kwa viatu. Nikarudi kiwandani kwa ndara. Mtu anayekwenda kulala hahitaji viatu.

Saa tisa kamili nilikuwa juu ya godoro, ndani ya pajama, mwenye hoteli kwenye kompyuta. Mtu mnene, mikono kifuani, hasemi. Nikageuka kushoto. Nikageuka kulia. Nikaeleza kidogo kuhusu sponji, Bosi akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Nikafumba macho kuonyesha mfano.

Nataka iandikwe kwamba siku nne nilikuwa nimebeba mpango mzito. Na kwamba godoro letu, kwa kweli, ni zuri. Miaka kumi na moja nalitangaza, sikuwahi kulilalia.

Nilipofumbua macho taa za ofisi zilikuwa zimezimwa na mfagizi alikuwa anafagia akinizunguka. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Kwenye pajama yangu imebanwa kwa pini nakala ya kumbukumbu za kikao. Nainakili:

"Ajenda ya 3: Mwenye hoteli alimtazama ofisa akilala kwa dakika arobaini. Aliagiza magodoro ya vyumba vyote. Ajenda ya 4: Uteuzi wa mkuu wa kitengo. Ilionekana si vema kumwamsha ofisa mbele ya mteja. Bosi alipendekeza mwenzake wa meza ya dirishani, ambaye alikuwa macho. Aliuliza kama kuna pingamizi. Ofisa alikoroma. Ilijadiliwa, ikakubaliwa kwamba kukoroma si pingamizi."

Nikakimbia kwa ndara mpaka shuleni. Geti limefungwa. Mlinzi kaniuliza mimi ni nani. Nikasema mzazi wa Mwezi. Akanitazama pajama, akatazama ndara. Akasema mzazi wa Mwezi ameshatoka, amebebwa, tena amevunjika mkono.


Jumamosi, 14 Juni

Nimekusanya habari kidogo kidogo. Mama mkwe kanipa nusu, mke wangu kanipa nusu aliyopewa na mwalimu. Karani hajanipa neno. Daftari lake liko mezani, limefunikwa na sahani.

Igizo lilikwenda vizuri mpaka tisa na nusu. Mwezi akaingia amevaa mduara wa karatasi ya fedha. Akasema maneno yake yote, wazi, kwa sauti. Jua, mtoto wa darasa la kwanza mwenye mashavu, akainuka nyuma ya ubao. Watu wakaanza kupiga makofi.

Mwezi akatazama kiti namba 14. Mkono wa kulia uko juu.

Akarudia. Sauti kubwa zaidi. Jua likachuchumaa, likainuka tena. Akatazama. Mkono juu. Akarudia.

Mwalimu anasema mara nne za mwanzo wazazi walidhani ni ubunifu. Mara ya saba wakawa wanaitikia pamoja naye. Mara ya kumi Jua lilikaa chini likasema magoti yanauma. Nyota mbili zilikwenda chooni zikarudi. Mama mkwe, pale namba 13, alikuwa akimvuta Pacha koti: "Baba, shusha mkono basi, mtoto anachoka. Baba. We baba. Nilikusifu mapema." Mara ya kumi na tano sauti ya Karani ilianza kukwaruza. Hakulia. Alikuwa ameshika mduara wake kwa mikono miwili na anatazama kiti.

Kulikucha mara kumi na tisa ndani ya ukumbi mmoja. Mwalimu anasema wiki karibu tatu zilipita hivi hivi.

Ndipo dereva wa basi akatoka pale mlangoni anaposimama siku zote. Hakukimbia. Akapita kati ya viti mpaka namba 14, akamtazama Pacha usoni, akamtazama Mwezi jukwaani. Akaushika ule mkono na kuukunja chini. Haukukunjika, ulivunjika, na mlio wake ukasikika mpaka nyuma. Akauweka mapajani mwa Pacha taratibu.

Karani akapumua. Akatua. Jua likatoka kwa hasira. Ukumbi mzima ukasimama, na dereva akapiga makofi, mikono miwili.

Yapo mazuri, na mimi si mtu wa kuyaacha yapotee. Mama mkwe, baada ya kuambiwa alikaa saa nzima akigombana na kadibodi, amekubali kupimwa macho. Mke wangu amelitafuta jambo hilo kwa miaka saba. Nikamkumbusha kwamba limepatikana kwa juhudi zangu. Akasema nisimsemeshe, ana kisu mkononi. Alikuwa anamenya kitunguu.

Mdogo wa mama mkwe ameingia mchana. Cherehani imekaa mahali pa meza yangu. Nilitaka kupinga, nikakumbushwa kwamba nilikubali Jumatano nikiwa natabasamu.


Jumapili, 15 Juni

Karani kanisemesha. Nilikuwa ngazini nasafisha viatu vyangu vyeusi, dereva aliviokoa akampa mama mkwe. Akaja akakaa ngazi ya chini, daftari magotini. Sauti bado ina mchanga ndani.

Nikaanza kumweleza. Mwenye hoteli, vyumba mia mbili, nafasi ya ukuu wa kitengo. Nilieleza vizuri sana. Akangoja nimalize, yeye hakatizi mtu.

Kisha akasema alijua. Mara ya pili tu alijua kwamba ile ni kadibodi, kwa sababu sikio moja liko juu, mama alikwishasema.

Nikamuuliza sasa kwa nini akarudia mara zote hizo.

Akasema: "Ulisema ukisema upo, upo. Nikadhani umejificha nyuma yake. Nikadhani kwa kuwa uko nyuma ndiyo maana husikii."

Nikasugua kiatu kimoja muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Akafungua ukurasa wangu. Mstari wa tatu ameuandika kwa rula: "Walikuja viatu." Akaniuliza kama ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Akaniomba nitie sahihi.

Kadi za viti ni za dereva, hilo limekwisha. Lakini kasema mashindano ya mbio ni tarehe 27, uwanjani, na uwanjani hakuna viti wala kadi. Mtu husimama tu kwenye kamba mahali pa kumalizia. Atakimbia mita mia. Kama nataka, nije. Kama siwezi, nimwambie sasa hivi, asigeuze shingo akiwa anakimbia, maana shingo ikigeuka mtu anapitwa.

Nikamwambia nitakuwepo. Akafunga daftari. Hakuandika.


Jumatatu, 16 Juni

Kikao cha kwanza cha Cheti kama mkuu wa kitengo. Amehamishia fremu kwenye meza kubwa. Habari kubwa: mwenye hoteli anafungua hoteli ya pili. Anataka kuniona nikilala tena, safari hii saa mbili mfululizo, na atamleta mwenzake atazame. Tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi.

Mbio za mita mia ni saa nne na robo.

Cheti akauliza kama kuna pingamizi. Nilikuwa na neno, kweli nilikuwa nalo, lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilikuwa pia nafikiri, na mtu hawezi kufanya yote mawili. Ikaandikwa.

Nimekaa ghalani nikapitia makosa ya wiki iliyopita kwa utulivu, kama taaluma inavyotaka. Watu hawakumkataa Pacha. Bosi alimsifu, mama mkwe alimshukuru, mlinzi wa geti alimwita mzazi. Hata mtoto mwenyewe alimpa nafasi mara kumi na tisa. Hakuna bidhaa yetu iliyowahi kupata uaminifu huo. Kosa lote lilikuwa kwenye mkono.

Nimempigia mchapaji. Nataka mmoja mpya, amesimama, kaptula ya michezo, masikio sawasawa, na mkono wa kulia uwe na bawaba begani na kamba nyuma. Ukivuta, unapanda. Ukiachia, unashuka. Mdomoni, tundu dogo kwa ajili ya kipaza sauti: "Kimbia mwanangu!" nimesharekodi. Mchapaji aliuliza kama si rahisi zaidi niende mwenyewe. Watu wa uchapaji hawaelewi masoko.

Kilichokuwa kimebaki ni mtu wa kuvuta kamba. Awe mrefu, awe hajawahi kukosa, na awe anapendwa na mtoto. Jioni nikamngoja dereva wa basi pale getini, nikamweleza mpango wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na bawaba nikamchorea kwenye vumbi la kioo cha basi lake.

Alinitazama. Akatazama mchoro. Akapanda basi lake, akafunga mlango, akaondoka bila kusema neno.

Anayekaa kimya amekubali.